Kuangalia ndege Kigoma: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya ndo maswali tunayoulizwa sana, na watu wa Mwanga, Ujiji, Kibirizi, Kasulu mpaka wageni wanaoshuka na treni, kila wakituona na darubini shingoni. Nimeyajibu kama ninavyoongea. Penye mengi nimeandika mengi, kwingine nimepita haraka.

Kwani Kigoma kuna ndege wa kuangalia? Si wako Serengeti huko?

Wapo, tena wengi sana. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege na mkoa wetu umekaa mahali pazuri mno, maana ndege wa misitu ya upande wa Kongo wanafika mpaka huku kwenye mabonde ya Gombe na Mahale, ndege wa miombo wanatokea Uvinza na Tabora, alafu kuna ziwa Tanganyika lenyewe na kuna mabwawa ya Malagarasi. Watu wanapita hapa wanakimbilia kwenye simba huko kaskazini, na wenyeji nao tumekua tunaambiwa utalii ni tembo na simba, kumbe asubuhi moja tu pembeni ya ziwa unaona vitu ambavyo mtu wa Ulaya anakata tiketi ya ndege kuja kuvitafuta.

Sina hela ya kwenda hifadhini. Naanzia wapi?

Anzia ulipo. Mwaloni Kibirizi au Katonga asubuhi wakati dagaa wanaanikwa kuna mwewe, kunguru wenye kifua cheupe, yangeyange, na ukiangalia kwenye mitumbwi iliyofungwa utamkuta mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama hewani anapiga mabawa hapo hapo alafu anajitupa majini kichwa mbele. Mnandi naye anakaa juu ya jiwe katanua mabawa yakauke. Kwenye matete wapo mnana, wale wa njano wanaosuka viota. Ukipanda Kitwe kuna msitu mdogo hapo hapo mjini, utapata chozi, hondohondo na njiwa wa aina kadhaa. Ukienda upande wa bonde la mto Luiche, chini ya Ujiji, kwenye mashamba ya mpunga na majani marefu, kuna kwarara, korongo wa kila namna na fundichuma, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo anayejenga kiota kikubwa cha vijiti ambacho kinaweza kufika mita moja na nusu kwa upana. Hivyo vyote nauli yake ni bajaji tu au miguu yako.

Kuna tai mweupe anakaa kwenye michikichi. Ni yule mla samaki?

Hili swali nalipenda kuliko yote kwa sababu jibu lake ni la huku kwetu kabisa.

Mara nyingi huyo sio tai mla samaki (furukombe), ni tumbusi wa michikichi. Ndio, tumbusi, ndugu yao wale wanaokula mizoga, ila huyu chakula chake kikubwa ni tunda la mchikichi, lile lile tunalokamua mawese. Anashika chikichi kwa mguu, anachuna nyama ya nje kwa mdomo. Anakula pia samaki, kaa na konokono akivipata. Mwili wake mweupe, mabawa yana weusi mwingi, mkia mweusi wenye ncha nyeupe, na kuzunguka jicho ngozi iko wazi ina rangi nyekundu au chungwa hivi. Mla samaki yeye kichwa, kifua na mkia ni vyeupe lakini tumbo ni kahawia nyekundu, na anapiga kelele ile kali ya kurudisha kichwa nyuma ambayo ukiisikia ziwani huisahau. Wanaochanganya watu zaidi ni watoto wa tumbusi huyu, maana wanakua wa kahawia mwili mzima kwa miaka kadhaa kabla hawajageuka weupe, mtu anadhani kaona ndege mwingine kabisa.

Sasa ona jinsi ilivyokaa. Pwani ya ziwa Tanganyika imejaa michikichi kwa vizazi na vizazi, na ndo maana tumbusi huyu huku ni wa kawaida wakati sehemu nyingi za nchi mtu anaweza kuzeeka hajamuona. Tangu 2018 serikali inalisukuma zao la mchikichi Kigoma, miche mipya ni mifupi na inazaa haraka, na hilo ni jema kwa wakulima. Ombi langu ni moja: ile michikichi mirefu ya zamani msiiangushe yote kwa mpigo. Huyu ndege anapenda kujenga juu kabisa ya mti mrefu na anataga yai moja tu, kwahiyo shamba likibaki na miti michache ya wazee pembeni na kwenye korongo la maji, yeye anapata pa kulea.

Msimu gani mzuri? Maana huku mvua ikianza haikati

Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba mpaka Aprili, saa zingine mwanzoni mwa Mei, na kwa mwaka tunapata kama milimita 1,000. Watu wengi wanadhani kipindi hicho ndege hawaonekani. Ni kinyume chake. Mvua ndo inaleta wadudu, kumbikumbi wakitoka kila ndege anashuka, na ndo wakati wa kutaga. Madume ya mnana yanabadilika yanakua njano inayowaka. Alafu wageni wanakua wamefika: mbayuwayu, keremkerem wa Ulaya, korongo weupe, wametoka Ulaya na Asia maelfu ya kilomita wakikimbia baridi, wanakaa na sisi mpaka Machi au Aprili ndo wanarudi kuzaa kwao.

Kiangazi, Juni mpaka Septemba, kina faida yake pia. Majani yamepungua unaona ndani ya miti, njia za Uvinza zinapitika, na maji ya Malagarasi yakishuka ndege wanajazana kwenye madimbwi yaliyobaki. Ukitaka aina nyingi njoo Novemba au Desemba. Ukitaka mabwawa njoo Agosti au Septemba.

Saa ngapi nitoke?

Alfajiri. Ila kumbuka huku jua linachelewa kuliko Dar karibu dakika 40, kwahiyo ukitoka saa 12 kamili bado giza, toka saa 12 na nusu. Jioni kuanzia saa 10 wanaanza tena. Siku ya mvua, subiri ikate tu alafu toka hapo hapo, ile nusu saa ya kwanza ndege wote wanakuja juu ya matawi kujikausha na kula na huwezi kuamini kelele zake.

Ni kweli kuna ndege anatabiri mvua?

Wazee wanamtaja dudumizi, na tipitipi ndugu yake, ile sauti ya tu-tu-tu-tu inayoshuka inayofanana na maji yakitoka kwenye chupa. Anaita sana hewa ikiwa na unyevu na mvua ikikaribia ndo anazidi, kwahiyo wazee hawakusema uongo, walisikiliza. Mwingine ni kekeo mwenye kifua chekundu, anaita noti tatu zinazoshuka, tena na tena, saa zingine mpaka usiku. Huyo mvua zikianza ndo unaanza kumsikia. Hajengi kiota chake, anamtegea ndege mwingine yai kwenye kiota na huyo mwingine anamlea mtoto mkubwa kuliko yeye.

Nahitaji darubini ya bei gani?

Sio lazima ya gharama. Angalia namba mbili zilizoandikwa juu yake. Ikiwa 8x42 maana yake inakuza mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, hiyo ndo saizi inayomfaa mtu anayeanza, inaingiza mwanga wa kutosha hata chini ya miti na haitetemeki sana mkononi. Zile zilizoandikwa 30x au 50x za bei chee achana nazo, picha inacheza na macho yanauma. Mtumba mzuri ni bora kuliko mpya mbovu. Na kwa sababu ya unyevu wa huku kioo kinaota kuvu kirahisi, kwahiyo ukirudi nyumbani ifute, iache ipate hewa, alafu iweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kama huna kabisa, anza na masikio na daftari. Simu yako inarekodi sauti, irekodi. Andika tarehe, mahali, ndege alikua anafanya nini, alikaa wapi, mdomo wake ukoje. Mdomo unakuambia anakula nini na hapo nusu ya kazi imeisha.

Korongo nyangumi yupo kweli Kigoma? Nimeona video zake

Yupo. Ni yule wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, anasimama urefu wa kati ya sentimita 110 na 140, anatulia kwenye maji saa nzima bila kutikisika akimvizia kamongo au kambale. Dunia nzima wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu, na kwa Tanzania ngome yake ni mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi.

Hayo mabwawa watu wa huku tunayapita na basi tukienda Tabora tunaona ni majani na maji tu, ila mwaka 2000 yaliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu, na yalikua ya kwanza Tanzania nzima kuingizwa. Ukubwa wake ni kama hekta milioni 3.25, yamegusa mikoa kadhaa ikiwemo Kigoma na Tabora. Yanafanya kazi kubwa ya kukamata maji ya mvua na tope la juu kabla mto Malagarasi haujaingia ziwani kule Ilagala. Kuna korongo taji humo, kuna mwari, kuna makundi ya bata maji.

Kumfikia korongo nyangumi sio rahisi na nisikudanganye. Anakaa ndani kwenye mafunjo, sehemu kubwa iko ndani ya pori la akiba na kibali unaomba TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), unahitaji mtumbwi na mtu anayeyajua maji. Usikubali mtu akuambie twende kimya kimya bila kibali. Na ukimuona baki mbali. Anataga mayai mawili hivi lakini kwa kawaida mtoto anayekua ni mmoja tu, ukimkurupusha kwenye kiota jua kali linaua yai au kinda. Kinachomuumiza zaidi ni moto wa kuchoma majani kiangazi na watu wanaochukua vifaranga kuuza. Ukimsikia mtu anamtafuta kifaranga kwa hela, toa taarifa kwa TAWA au kwa mwenyekiti wa kijiji.

Gombe si ni ya sokwe tu?

Gombe ilijulikana kwa sokwe kwa sababu Jane Goodall alianza utafiti pale Julai 1960 na hifadhi ikatangazwa 1968, lakini ina zaidi ya aina 200 za ndege kwenye kieneo kidogo sana. Kuna shorobo wa zambarau mwenye kishungi chekundu, akiruka mabawa yake yanafunguka mekundu kabisa. Unaenda kwa boti kutoka Kibirizi, iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni kwahiyo beba kitambulisho. Hiyo boti yenyewe kaa upande wa nchi kavu uangalie. Utaona kitu kinachouma: vilima vya nje ya hifadhi viko wazi vimelimwa mpaka juu, alafu ghafla msitu unaanza.

Mnasema sana kuhusu matete ya pembeni ya ziwa. Si majani tu yale, yanaficha nyoka?

Ndo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, ukisoma moja tu soma hili.

Matete na majani ya kando ya maji ndo nyumba. Mnana wanasuka viota humo juu ya maji ili nyoka na watoto wakorofi wasifike, mdiria mdogo wa bluu anakaa humo, na chini yake kwenye mizizi ndo watoto wa samaki wanajificha wasiliwe. Ukiyafyeka kupanua mwalo au kupanda mboga unapata mita chache za mchanga kwa mwaka mmoja, alafu mvua ya Desemba inashuka kutoka vilimani, tope jekundu haliwi na pa kukamatwa, linaingia moja kwa moja ziwani. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, lakini samaki wengi wa aina za kipekee wanaishi pale pembeni kwenye mawe, wanakwangua mimea midogo kwenye jiwe na kuzalia hapo hapo. Tope likifunika mawe hawana chakula wala pa kuzalia. Samaki wakikosekana, mdiria, mnandi na tai wanahama, na sisi tunabaki tunalalamika samaki wamekimbilia Kongo.

Sheria ipo, Sheria ya Mazingira ya 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Najua watu wamejenga humo, najua wengine hawana pengine pa kwenda, na miaka hii ya karibuni maji yalipopanda ni hao hao walioingiliwa ndani. Kwahiyo sisemi mkavunje nyumba ya mtu. Nasema pale ambapo bado pana matete yaacheni, mkitaka kupitisha mtumbwi fyekeni kichochoro kimoja sio ukingo mzima, na mlimani pandeni kwa matuta ya kukinga. Kuchoma moto nako, kama lazima mchome basi iwe mapema mara baada ya mvua kuisha wakati majani bado yana unyevu, moto unapita chini taratibu. Moto wa Septemba unaua miti, viota na kila kitu kinachotambaa. Vijiji vingi vya huku vina misitu yao ya hifadhi ya kijiji, mradi wa TACARE uliosaidia kazi hizo ulianza hapa Kigoma 1994, kwahiyo ukiuliza ofisi ya kijiji chako utakuta kuna kamati, ingia humo.

Ziwa likifungwa uvuvi, inahusu nini ndege?

Inahusu moja kwa moja. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazochangia ziwa. Dagaa na migebuka wakipata kuzaana kila anayewala anafaidi. Ila kipindi hicho ni kigumu sana kwa familia za mwaloni, mama anayeanika dagaa hana akiba ya miezi mitatu, na mimi naona anayehimiza uhifadhi lazima ahimize na msaada kwa hao watu, mkopo mdogo, kazi nyingine, chochote, sio kuwaambia wavumilie tu.

Mnatetea ndege, na kwelea kwelea wanaomaliza mpunga wetu?

Hasara ile ni ya kweli, kundi likitua shamba la mpunga au mtama linaweza kumaliza msimu wa mtu kwa siku chache. Sipingi kuwadhibiti. Ninachosema, usimwage sumu yako mwenyewe. Ile dawa ya kunyunyiza inayotumiwa na serikali kwa ndege za angani ni kali, inaua pia bundi na mwewe wanaokula kwelea waliolewa, kwahiyo ni ya wataalamu na sehemu maalumu tu. Toa taarifa mapema kwa afisa ugani ukiona wanakolala usiku, maana kudhibiti kwenye malalo yao ndo kunafanya kazi. Na usiokote kwelea waliokufa kwa dawa ukala au ukauza, ni hatari kwa mtu. Pia hakikisha ni kwelea kweli, maana mnana wa kwenye matete wanauawa bure kwa kufananishwa nao.

Bundi analia juu ya bati langu kila usiku. Nifanye nini?

Mwache. Najua imani ilivyo, shikamoo zangu kwa wazee wote, lakini bundi anakuja kwako kwa sababu una panya. Ghala la mahindi lina panya, darini kuna panya, yeye anawafuata. Bundi mweupe wa kwenye majengo akiwa na makinda anakamata panya usiku kucha, bila sumu, bila paka. Ile sauti yake ya kukwaruza inatisha ndio, na makinda wanatoa mlio wa kukoroma darini ambao mtu asiyejua anaita mchungaji. Ni watoto wanadai chakula. Miezi michache wanakua wanaondoka.

Na yule ndege anayeonyesha asali?

Mlembe. Warina asali wa Uvinza na Tabora wanamjua vizuri kuliko mimi. Anakuja karibu anapiga kelele za kuhimiza, anaruka mti mmoja mbele, anakusubiri, mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Wewe unachukua asali, yeye anakula nta na mabuu. Kuna utafiti ulichapishwa 2016 kutoka Msumbiji kwa Wayao, ulionyesha warina wakitoa mlio wao maalumu wa kumuita, nafasi ya kuongozwa mpaka kwenye nyuki inapanda zaidi ya mara tatu ukilinganisha na sauti nyingine. Rina bila kuangusha mti na bila kuacha moto unawaka, na mwachie sega.

Naruhusiwa kukamata ndege au kufuga kasuku?

Bila kibali hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inahusu ndege wa porini pia, sio tembo peke yake. Kasuku wa kijivu tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imefungwa kwa ndege wanaotoka porini. Wale wanaokuja na tundu la kasuku jioni wanasema kavuka ziwa, usinunue, ukinunua mmoja unaagiza wengine.

Mtoto kaokota kinda chini ya mti

Kama ana manyoya tayari, mrudisheni pale pale kwenye tawi la karibu muondoke, mama yake yuko jirani anasubiri mwondoke. Kama bado uchi rudisheni kwenye kiota, mama hamkatai kwa sababu ya harufu ya mkono. Ndege aliyekufa bila kujulikana sababu usimshike kwa mkono mtupu, na wakifa wengi kwa pamoja piga simu kwa afisa mifugo.

Kuna hatari gani?

Mamba na viboko kwanza, usitembee ndani ya matete ukiwa peke yako, na usisimame ukingoni jioni midomo ya mito. Uvinza na Malagarasi kuna mbung'o, usivae bluu wala nyeusi maana rangi hizo zinawavuta, vaa kaki au kijani iliyopauka. Malaria unaijua. Na darubini usiielekeze bandarini, kambini wala uwanja wa ndege, tuko mpakani na askari ana haki ya kuuliza. Ukienda mtaa usioujua pita kwanza kwa mwenyekiti, msalimie, mwonyeshe unachofanya, mwache naye aangalie. Kwa kawaida hapo ndo anakuonyesha ndege wa kwake.

Nikishaandika niliowaona nipeleke wapi?

Weka kwenye eBird, programu ya kuandikia ndege uliowaona, ni bure na inafanya kazi kwenye simu hata bila mtandao ukishapakua orodha. Kuna pia Tanzania Bird Atlas inayokusanya taarifa za nchi nzima, na Nature Tanzania ambao ndo washirika wa BirdLife, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, hapa nchini. Ramani za magharibi bado zina mapengo mengi kwa sababu waangaliaji ni wachache, kwahiyo orodha yako ya Kakonko au Buhigwe ina thamani hata ikiwa ya ndege kumi wa kawaida. Januari kuna sensa ya ndege wa majini Afrika nzima, na siku ya ndege wanaohama ni Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Kama unafundisha shule yoyote iliyo karibu na maji, chagua moja ya hizo siku, darasa moja, daftari moja, darubini mkizungushana. Na ukimuona kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu asiye na kifua cheupe, yule wa Dar, piga picha utume haraka, huyo sio wa huku na akizoea anamaliza viota vya wengine.